Shamba Lililomfuata Nasimiyu

Jumanne asubuhi Nasimiyu alikuwa akichambua sukuma wiki nyuma ya nyumba ya dada yake mjini Kitale, alipoona shamba lake limefika. Lilikuwa robo ekari, lile lile la nyumbani kwake Tongaren, mahindi yameanza kukausha ndevu na migomba miwili iko konani. Lilikuwa safarini tangu Jumapili baada ya ibada, kwa sababu halikujua njia za mkato.

Rosaline, dada yake, alitoka na sufuria mkononi. "Sasa hii itakaa wapi? Hapa ni ploti ya mtu."

"Ngoja nivae viatu," Nasimiyu akasema.

Mumewe, Wangila, alikuwa amefariki Januari. Kabla viti vya matanga havijarudishwa kanisani, Kizito, ndugu wa marehemu, alikuwa ameshaandikisha shamba kwa jina lake mwenyewe na kumfukuza mjane. Nasimiyu aliripoti polisi mara tatu. Kila mara Konstebo Everlyne alimsikiliza vizuri, kisha akafunga kitabu cha matukio, OB, bila kuandika. "Pole, mama. Lakini hiyo si uhalifu. Hiyo ni mambo ya familia."

Safari hii alikwenda na ushahidi. Shamba lilimfuata likijibana kando ya barabara, likawapisha watu wa bodaboda, na kituoni likajipanga karibu na pikipiki zilizokamatwa. Everlyne alilitazama kupitia dirisha.

"Ni zuri," akakubali. "Umelipalilia lini?"

"Sijalipalilia. Nilifukuzwa."

Everlyne alikuwa bado anatafuta kwenye orodha ya makosa aone hilo litaingia wapi, Kizito alipoingia akihema, matope mpaka magotini.

"Afande, shamba yangu imeibiwa!"

Hakuwa hata ameketi, Everlyne akampa namba ya OB. Wizi wa shamba, robo ekari, mshukiwa yuko kituoni.

Nasimiyu alicheka mpaka akashika mlango. Tangu Januari alikuwa anawaambia shamba linaweza kuibwa, na leo wameandika kwa kalamu yao.

"Unacheka nini, na umeshtakiwa?" Kizito akauliza.

"Nimefurahi tu, shemeji. Karibu mahindi."

Nasimiyu aliachiliwa kwa bondi, aripoti kituoni kila Ijumaa. Kizito alikodi trekta na minyororo ili arudishe mali yake, lakini shamba lilikaa chini kama ng'ombe aliyegoma, na trekta ndiyo iliyozama. Mkuu wa kituo aliandika kwenye ripoti yake kwamba wizi umeongezeka kwa kesi moja. Alisikitika kidogo, maana hadi wiki hiyo eneo lake lilikuwa halina uhalifu. Halafu akachuma mahindi mawili, akaomba makaa jikoni.

Mahakamani hakimu aliuliza kielelezo kiko wapi. Akaambiwa kiko nje, kimeyazibia magari mawili njia. Alichungulia, kisha akafungua hati ya shamba, akaona ina jina la Kizito, akaahirisha kesi hadi Novemba.

Nasimiyu alihesabu miezi kwa vidole. Mvua bado ilikuwepo, na udongo ulikuwa umelala hapo mbele yake, laini, unasubiri. Akamwomba Everlyne amshikie mkoba, akafunga leso kiunoni, akaingia katikati ya mistari kupanda maharagwe.