Kigingi Kisicho na Kamba

Mzee Laurenti, aliyenifundisha kuendesha lori, alikuwa na usemi mmoja tu, na aliurudia mpaka ukanichosha: kigingi kisicho na kamba si chako, ni cha barabara. Maana yake ilikuwa nyepesi. Ukisimama mlimani unaweka kigingi cha gogo nyuma ya tairi, na gogo hilo unalifunga kwa kamba kwenye chesisi, ili ukiondoka likufuate likigongagonga mpaka ushuke ulipakie. Ukitumia jiwe la kuokota, wewe utaondoka na jiwe litabaki. Mimi Sufiani nimeendesha miaka ishirini na sita, na gogo la mninga alilonichongea marehemu ninalo hadi leo. Kamba ndiyo sikuwa nayo Jumatatu ile.

Kamba niliifungia ubao wa nyuma. Bedford langu ni kuukuu, la bodi bapa, halina tipa. Mbao za pembeni nimezipigilia mwenyewe, na ule wa nyuma ulikuwa umekatika bawaba. Nilikuwa napeleka kokoto milimani, upande wa Matombo, kwenye zahanati wanayojijengea wanakijiji. Mzigo niliupanga inavyotakiwa, rundo likae juu ya ekseli na lisizidi mbao, turubai juu yake. Kwa hayo huwezi kunilaumu. Lakini gogo niliona halina kazi bila kamba, nikaliacha uani, na mke wangu Zuleha akalikalia kufulia.

Kwenye kona ya tatu ya mlima injini ikachemka. Nikavuta breki ya mkono, ambayo ni ya kuiombea dua kuliko kuitegemea, nikaruka chini na kuokota jiwe kubwa kama sufuria ya wali wa watu wanne. Nikaliweka nyuma ya tairi la kushoto. Injini ilipopoa nikaongeza maji, nikaondoka. Utingo wangu alishakwenda kulima mpunga Dakawa, kwa hiyo hakukuwa na wa kuliondoa, na kusimama tena mlimani na mzigo ni kujitafutia makubwa. Nikajiambia nitalitoa nikirudi.

Kwenye zahanati tulishusha kokoto kwa makoleo, upande huu kidogo na upande ule kidogo, lori lisije likalala. Saa saba tulikuwa tumemaliza. Ningeondoka hapo hapo. Lakini akina mama walileta ndizi za nazi, na mimi mbele ya ndizi za nazi sijiwezi. Nikala, nikaongezwa, nikamsifia mpishi mpaka watu wakacheka. Jiwe sikulikumbuka hata mara moja. Hilo linaniuma kuliko mengi, kwamba nilikuwa nacheka.

Niliporudi kona ya tatu, pikipiki ilikuwa imelala ubavu. Mama Kristina, bibi wa miaka sitini na kitu anayeuza mdalasini sokoni, alikuwa kwenye majani amefumba macho, mguu umegeukia upande usio wake. Castory, kijana wa bodaboda aliyembeba, alikuwa ameshakimbilia nyumba za chini kuita watu. Pale tulibaki wawili tu, mimi na yule mama, na jiwe langu njiani.

Nilipaswa kumkimbilia yeye kwanza. Nililikimbilia jiwe. Nilijaribu kulisukuma kwa mguu, halikwenda, nikainama nikalisukuma kwa mikono miwili mpaka ukingoni, na nikalisikia likivunja migomba huko bondeni. Ndipo nikamwendea mgonjwa nikiita mama, mama, kama mtu mwema.

Watu walipofika tulimlaza kwenye turubai, nikamshusha taratibu hadi hospitali mjini. Jumatano, nilipopeleka mzigo wa pili, kijiji kilinipokea kwa shukrani. Nilipewa jogoo. Castory naye alikuwa akiwaonyesha watu ukubwa wa jiwe kwa mikono yake, nao wakimwuliza kama hilo jiwe lina miguu, maana hakuna mwingine aliyeliona. Walisema ni mwendo kasi tu. Mkutano wa kijiji ulipangwa Jumamosi, waamue kama ataruhusiwa kubeba abiria tena, na kazi nyingine kijana yule hana.

Alinijia mbele ya watu wote, akanipa shikamoo.

"Mzee, wewe ulifika wa kwanza. Hukuliona jiwe?"

"Sikuona jiwe," nikasema.

Akaishusha mikono yake. Alisema basi labda amechanganyikiwa, kwa sababu mtu mzima kama mimi hana haja ya kusema uongo.

Tangu hapo chakula kikawa hakipiti. Jogoo wa watu nilishindwa kumchinja. Hata swala ikawa ngumu, kwa kuwa kila nikiinama na kuweka mikono chini, mikono inalikumbuka jiwe. Ijumaa, baada ya msikiti, nilinunua machungwa nikaenda hospitali. Sijui nilitaka nini huko. Nadhani nilitaka kumwona yule mama amepata nafuu, ili na mimi nipate.

Nilimkuta mguu umetundikwa, na Castory kando ya kitanda akimkorogea uji. Muuguzi aliniambia kijana huyo huteremka kutoka milimani kila siku. Nikamwamkia mama, akaupokea mkono wangu na hakuuachia. Akasema ana jambo la kuniomba radhi. Nikamwambia hajanikosea. Akasema amenikosea sana, na padre alipopita asubuhi, hilo ndilo aliloliungama kabla ya mengine yote.

"Pale chini, baba, maumivu yaliniletea ndoto mbaya," alisema. "Nilikuona umeinama, unasukuma jiwe. Wewe uliyeniokoa. Nisamehe."

Castory aliendelea kukoroga, hakuinua kichwa.

Ningeweza kusema nimekusamehe, mama. Maneno yalikuwa mdomoni tayari, tena matamu. Ningetoka pale nikiwa mwema mpaka nizikwe. Kijana angekwenda kesho kuomba msamaha kwa kosa langu, kama mama huyu alivyokwisha kuiungama dhambi yangu.

"Hukuota, mama," nikasema. "Jiwe lilikuwepo. Nililiweka mimi, na nikalitupa mimi."

Mama Kristina aliuachia mkono wangu polepole, akageukia ukutani. Castory aliweka bakuli chini. Hakunitukana, ingawa nilitamani sana anitukane. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ndogo, kwamba lilikuwa na ukubwa gani. Nikaweka machungwa sakafuni, nikainua mikono yangu miwili, nikampimia. Naye akainua yake, akaisogeza karibu na yangu, na upana ulikuwa uleule.