Kaburi la Kwanza la Watu Wetu

Kijiji chetu cha Ucheki, Zadní Stráň, kimekaa upande wa mlima usiotazama jua. Novemba ikiingia, jua hupotelea nyuma ya kigongo na hatulioni tena mpaka Februari. Miezi hiyo mwanga ni wa rangi ya maji yaliyooshewa vyombo, na theluji hupanda hadi madirishani. Wajerumani waliokijenga walifuma kitani humu vizazi kwa vizazi. Vita vya pili vya dunia vilipoisha walipakiwa kwenye malori, kila mtu na mzigo alioweza kuubeba, wakavushwa mpaka. Mama yangu alibaki kwa kuwa alikuwa ameolewa na Mcheki, ndiyo maana mimi nimezaliwa hapahapa. Wakazi wengine wote ni Wacheki waliotoka bondeni, wakapewa nyumba zenye sahani bado kabatini.

Wengi hawakukaa. Walivumilia baridi mbili tatu, wakashuka walikotoka. Nyumba walizoziacha ziliota miti ndani, nyingine zikalipuliwa na wanajeshi waliokuwa wakijifunza kulipua. Zilizosalimika wamezinunua watu wa mji wa Hradec, ambao huja kiangazi na watoto wao kuchuma uyoga. Wakati wa baridi moshi ulikuwa ukitoka nyumba tatu tu: kwangu, kwa mlinzi wa msitu, na kwa akina Kubelka.

Oldřich Kubelka alikuwa mkata miti, mkewe Drahuše akihudumia ng'ombe wa shamba la ushirika. Hawakujaliwa watoto. Oldřich alikufa Januari, miaka michache baada ya serikali ya zamani ya kikomunisti kuanguka, akiwa hospitali bondeni. Barabara ilikuwa imeziba. Mimi ndiye ninayeisafisha kwa trekta, na siku ile niliisukuma theluji tangu alfajiri, Drahuše amekaa pembeni yangu na kikapu cha nguo safi za mumewe mapajani. Tulipofika, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Blažena, dada yake Oldřich, anaishi Chrudim, mji wa tambarare. Kwa kuwa huku hakupitiki, yeye ndiye aliyeshughulikia kuchomwa kwa maiti, kama ilivyo desturi yetu siku hizi, na majivu akayaweka kwake ili yakazikwe kwenye kaburi la familia. Hakuna aliyeshangaa. Makaburi yetu yako juu ya kanisa, na majina yote ni ya Kijerumani. Jiwe la mwisho lilisimamishwa mwaka ule vita vilipoisha. Watu wetu wakifa hurudishwa kwa wazazi wao. Baba yangu alirudishwa, na mama, Mjerumani wa hapa, akaenda kulazwa pembeni yake kati ya wakwe ambao hakuwazoea.

Simu ilikuwa kwangu. Wiki moja baadaye Drahuše alikuja, akafuta viatu vyake mlangoni, akaniomba nimpigie Blažena. Nilitaka kutoka, akanionyesha kwa kidole nikae.

"Wifi," alisema, "namtaka Oldřich huku."

Blažena ana sauti ya mtu aliyezoea kuita kuku. Nilimsikia vizuri kutoka upande wa pili wa meza. "Huku wapi? Jina lake limeshachongwa kwenye jiwe la mama! Na lako pia, tumeacha mwaka tu."

"Limechongwa lini?"

"Zamani. Fundi alikuwa anafanya la mama, nikamwambia amalizie yote."

"Kumbe mimi nimeshazikwa kwenu, na huku bado namenya viazi."

"Usinitanie, Drahuše. Umtupe kaka yangu mlimani katikati ya Wajerumani? Nani atakwenda kumwashia mshumaa?"

"Mimi."

"Na ukifa wewe?"

Drahuše alizungusha waya wa simu kidoleni, akaufungua. Kisha akasema kwamba Oldřich alikata miti ya mlima huu maisha yake yote, kwamba njia ya msituni aliichimba yeye, kwamba mtu huzikwa alikofanya kazi. Alisema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema. Blažena akakata simu.

"Amekata," Drahuše akaniambia, kana kwamba sikuwapo.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, mwezi wa Aprili, alinijia na sururu begani. Ofisi ya kata ilikuwa imemwambia azike popote atakapopata udongo. Nilicheka, kwa sababu mlima huu ni jiwe lililofunikwa blanketi jembamba la nyasi. Tulijaribu karibu na ukuta wa makaburi, sururu ikatoa cheche. Tulijaribu chini ya mti mmoja mkubwa, tukakuta mizizi minene kama paja. Mikono iliniuma mpaka kwenye viwiko.

Mwisho Drahuše alisimama kwenye kaburi la akina Tölg. Huyo Tölg alikuwa mfumaji, na nyumba ya akina Kubelka ilikuwa yake. Kwa miaka yote Drahuše alikuwa akiling'olea magugu na kuliwekea matawi ya msonobari. Udongo wake ulikuwa laini. Wenyewe walikuwa wameupandisha kutoka mtoni kwa ndoo zamani zile.

"Hapa pembeni," akasema.

"Mama Drahuše, hapa pana wenyewe."

"Najua pana wenyewe. Tumelala kwenye kitanda chao tangu siku ya harusi. Leo ndiyo nione haya? Chimba, mwanangu."

Nikachimba.

Blažena alifika siku chache baadaye kwa basi, ambalo huishia kwenye daraja, nikampandisha kwa trekta. Alikuwa na koti zuri jeusi na mkoba aliousimamisha magotini, asiache uguse kitu. Mtungi wa majivu ulikuwa humo, pamoja na maandazi ya plamu. Aliniambia njiani kwamba amekuja ili wifi yake amuage mumewe kwa heshima, kisha atarudi naye kwa basi la alasiri.

"Unaishije huku?" akaniuliza.

"Nimezoea."

"Kila mtu wa huku anasema hivyo, na sura zenu hazisemi hivyo."

Tulikwenda wote watatu makaburini. Theluji ilikuwa bado imelala kwenye kivuli, na maji yalikuwa yakitiririka chini yake bila kuonekana. Blažena alisoma majina kwa sauti, akiyakosea. Malaika wa jiwe alikuwa ameanguka kifudifudi. Hapakuwa na maua, hapakuwa na kibati cha mshumaa uliokwisha, hapakuwa na nyayo ila zetu. Alipoliona shimo alisimama.

"Wifi," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini, "hebu tazama. Hapa hapana mtu."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana namtaka." Drahuše alikuwa akitazama mkoba, si uso wa mwenzake. "Nilikudanganya kwenye simu. Kazi yake, njia yake, hayo ni maneno tu. Yeye mwenyewe asingejali, angelala popote. Lakini wewe kule una mama na baba kaburini, una soko, una majirani wa kugombana nao. Ukinichukulia huyu, mimi nabaki na nani?"

"Njoo ukae na mimi."

"Kwenye chumba cha nyuma, nikitazama ukuta wa gereji yako? Hapana, Blažena."

Blažena aligeuka akatugeuzia mgongo. Mabega ya koti lile zuri yalikuwa yakipanda na kushuka. Kisha akafungua mkoba, akatoa kwanza maandazi, akanipa nishike, akatoa mtungi. Hakumpa wifi yake. Alipiga magoti mwenyewe kwenye matope, akamteremsha kaka yake. Mimi nilirudishia udongo. Tulikula maandazi tukiwa tumesimama, na nikamrudisha Blažena kwenye basi. Aliposhuka alinishika mkono. "Uwe unapita kwake," akasema.

Agosti likaja basi la wazee wa Kijerumani, kama yanavyokuja sasa kwa kuwa mpaka uko wazi. Miongoni mwao alikuwa bibi mmoja mwenye fimbo, Hedwig, mjukuu wa Tölg. Nilimwona akipanda makaburini na nikajua litakuwa jambo, nikamfuata kwa kuwa lugha yao naijua. Drahuše alikuwa huko na kopo lake la maji. Hedwig alisoma jina la Kubelka kwenye ubao mdogo, akasoma tena.

"Huyu ni nani?" akaniuliza. Nikamwambia.

"Nani alimruhusu?"

Nilitafsiri. Drahuše akasema, "Mwambie hapakuwa na wa kumwomba."

"Nafasi hiyo ilikuwa ya kaka yangu," Hedwig akasema. "Alifia vitani Urusi, hatukumpata. Mama alitaka aletwe hapa." Nilipotafsiri, Drahuše aliweka kopo chini na kusimama wima kama mtu anayesubiri hukumu. Hapakuwa na hukumu. Hedwig aliuliza tu kama bomba la jikoni bado linalia usiku. Nilipolifikisha hilo, Drahuše alisema linalia, na Oldřich hakuwahi kuliweza. Wale wanawake wawili hawakushikana mikono. Honi ya basi ilipigwa, na yule bibi akateremka polepole. Mwaka uliofuata hakuja.

Jioni ile Drahuše alinipa supu ya viazi na uyoga. Nilimuuliza, kwa nini wao walikaa wakati wenzao wote walishuka.

"Hatukukusudia," akasema. "Tulikuwa tumefunga mizigo, lori limeagizwa. Ng'ombe akazaa kabla ya wakati. Oldřich akasema tungoje ndama apate nguvu. Tukangoja. Viazi vikawa vinachipua ghalani, tukaona ni heri tuvipande. Vikahitaji kupaliliwa." Aliniongezea supu bila kuniuliza. "Na lori lilipokuja, tulimwambia dereva arudi mwezi ujao."