Akina Baba wa Eka Mbili

Serikali ilipokumbuka kwamba duniani kuna wanaume waliozaa bila kuoa, ilimleta afisa mmoja kutoka Mbulu, amevaa suti ya Kaunda iliyombana tumbo. Alishuka kwenye Landrova mbele ya ofisi ya kijiji, kule juu ya Karatu ambako mashamba yanapakana na msitu wa Ngorongoro. Akajifuta vumbi jekundu usoni, akatangaza kwamba baba asiye na ndoa naye ni baba. Watu wakapiga makofi. Bernadina, mjane mwenye shamba dogo la mahindi na ulimi mkubwa, alikunja mikono kifuani akasonya mpaka benchi la mbele wakageuka.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi: mwanaume mwenye mtoto wa nje ya ndoa, asiye na ardhi, angepewa eka mbili katika shamba la kijiji na jembe jipya, alime, alishe mtoto na mama yake, na Mungu akipenda waoane. Mwaka ule jembe jipya lilikuwa halionekani dukani hata la dawa. Haikushangaza basi kwamba ubaba ulilipuka kijijini kama surua. Wanaume waliokuwa wameapa mbele ya padri kwamba msichana fulani hawamjui, sasa walimjua, na mtoto wake walimjua, hata jino lililomng'oka juzi walilijua. Wilibrodi, karani wa duka la ushirika, ndiye aliyewahi kusema kwamba mtoto wa Antonia amefanana na kila mtu isipokuwa yeye. Sasa alizunguka naye barabarani amembeba mabegani, mtoto ameshika pipi mkono huu na mkono huu.

"Tazama huyo," Bernadina alimwambia binti yake Rozalia, akibetua midomo. "Laiti wangegawa na baiskeli, angebeba watoto wa kijiji kizima."

Rozalia hakucheka. Yeye mpango ule aliuombea. Baba wa mtoto wake wa miaka mitatu, Skola, alikuwa Yohani, Mgogo wa Dodoma, kibarua katika shamba kubwa la kahawa upande wa Oldeani. Kahawa ilikuwa inakaribia kwisha mitini. Ikiisha, vibarua hupunguzwa na kutolewa kambini, na Yohani asingekuwa na pa kulala wala pa kulima. Ingembidi arudi kwao. Akipata zile eka mbili, angebaki.

"Ni neno lako tu, mama," Rozalia alisema. "Neno moja."

Ilikuwa kweli. Afisa alikuwa ameongeza sharti lake mwenyewe, alilolitoa anakojua yeye, na akaliita uwajibikaji. Kila baba atasimama mbele ya kikao, amtazame mzazi wa msichana usoni, amwulize, "Mzazi, unanitambua?" Mzazi akikubali, shamba lipo. Akikataa, basi.

Na Bernadina alikuwa anamdharau Yohani kuliko alivyomdharau afisa, jambo ambalo halikuwa rahisi. Ukibarua wake angeweza kuumeza. Asingeweza kumeza tabia yake. Tangu Skola azaliwe, mwanaume yule hakuwahi kukanyaga ndani ya boma lake. Akimwona Bernadina anakuja njiani, anarukia kwenye mahindi ya watu. Siku moja mnadani walikutana ana kwa ana penye wauza chumvi, naye akavuta koti likamfunika kichwa, akachuchumaa nyuma ya punda mpaka Bernadina akapita. Unga wa uwele, asali, kandambili za mtoto, vyote aliviacha kwa jirani na kutokomea.

"Hata fisi husimama akakutazama kidogo," Bernadina alizoea kusema. Rozalia akifungua mdomo kumtetea, mama yake alimkata palepale: "Jina la huyo Mgogo lisitajwe ndani ya nyumba yangu." Rozalia akazoea kunyamaza.

Siku ya kikao ofisi ilijaa mpaka madirishani. Wilibrodi aliitwa kwanza. Akasimama wima, akamtazama mama yake Antonia kwa macho ya kondoo, akauliza swali lake kwa sauti ya mahubiri. Mama Antonia alimtambua huku analia. Juzi yake alikuwa ameonekana akitoka mlango wa nyuma wa duka la ushirika na mche wa sabuni na sukari chini ya kanga, na kwa sukari ya mwaka ule mtu angeweza kumtambua hata shetani. Afisa alimkabidhi Wilibrodi jembe, akampa mkono, akamwita mfano wa kuigwa. Bernadina alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga asije akatapika.

Kisha akaitwa Yohani.

Aliingia amenyoa, amevaa koti la kuazima lililompita mikono. Bernadina akasimama upande wa pili wa meza. Macho ya Yohani yalipomgusa tu, alishtuka kama aliyekanyaga kaa la moto, akageuka, akampa mgongo, akainamisha kichwa. Watu wakaangua kicheko.

"Ndugu, geuka umtazame mzazi," afisa alisema.

Yohani hakugeuka.

"Geuka! Serikali inakusaidia, nawe unaipa kisogo?"

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ignas, alishuka kwenye kiti chake, akamshika mabega, akamzungusha kwa nguvu kama mtu anayegeuza gunia. Yohani akajifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Mwenyekiti!" Rozalia alipiga kelele kutoka nyuma. "Kwao mtu hamtazami mama m..."

"Kaa chini!" Ignas alifoka. "Kikao hiki hakijadili mila. Kinajadili maendeleo."

Afisa alitikisa kichwa kukubali. Neno hilo lilimpendeza. Bila shaka alilibeba mpaka Mbulu akalitumia kama lake.

"Mama, unamtambua mtu huyu?"

Kijiji kizima kilikuwa kinamtazama Bernadina, na kibarua alikuwa amemfichia uso mbele ya kijiji kizima. Damu ilimchemka.

"Nimtambue kwa nini, kwa kisogo?" akauliza. Watu wakacheka tena, na kicheko kile kikampa nguvu. "Simtambui."

Akaketi. Na alijisikia vizuri, tusimfiche. Vizuri kama mtu aliyejikuna mahali palipomwasha miaka mitatu. Yohani alitoka akiwa ameambaa na ukuta, akizunguka chumba chote ili asipite mbele yake. Hata hilo Bernadina alilisonya.

Jioni, walipokuwa wakipukuchua maharage ya ngwara, Rozalia aliweka ungo chini.

"Leo utanisikiliza, mama, hata ukinifukuza. Kwao mama mkwe hatazamwi usoni. Hupishani naye njiani, huli naye, huingii bomani kwake naye yupo. Ndiyo heshima yao, na hawana kubwa kuliko hiyo."

"Mkwe?" Bernadina alicheka kwa pua. "Nani amemwoza?"

"Hakuna. Ndilo ninalokwambia. Ninyi wote mnasema hana mke. Yeye tangu siku Skola alipozaliwa anakukimbia. Angekuwa mhuni angekusalimia vizuri, kama Wilibrodi. Leo walimtaka akutazame dakika moja apewe shamba. Akaona bora akose shamba kuliko kukuvunjia heshima. Nawe ukawachekesha watu."

Bernadina aliinama. Akaokota ngwara zilizomwagika, moja moja, na haya ikamwingia mpaka kwenye mifupa.

Asubuhi alikwenda kwa Ignas, akasema anataka kubadili neno lake. Kumwomba mtu yule kulimkera kuliko kunywa shubiri.

"Kikao kimeshafungwa, mama," Ignas alimjibu, anachokoa meno. "Mpango umefanikiwa. Taarifa imekwenda wilayani."

"Zile eka mbili zake je?"

"Amepewa mpwa wangu. Imegundulika naye ana mtoto, huko Karatu mjini."

"Imegunduliwa na nani?"

Ignas akasema ana kazi nyingi. Kabla mwezi haujaisha Wilibrodi alikuwa amemkodisha mwenye trekta eka zake alime ngano. Mtoto wa Antonia akarudi kwa bibi yake, bila pipi. Bernadina alipokutana na karani huyo barabarani alisalimiwa kwa adabu zote, akatema mate pembeni akaendelea na safari.

Kahawa ikaisha. Siku vibarua walipotolewa kambini, Rozalia alifunga nguo zake na za mtoto katika sanduku la bati.

"Tunakwenda naye," alisema. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomuuma mama yake.

Ukungu wa msituni ulikuwa bado haujapanda. Yohani alikuwa amesimama barabarani, nje ya ua wa minyaa, mgongo ameugeuzia nyumba. Alikuwa amekuja kubeba mizigo, lakini Bernadina alikuwa amesimama katikati ya boma, kwa hiyo hakuweza kuingia. Rozalia, Skola akiwa mgongoni, alianza kulikokota sanduku mwenyewe. Likakwama kwenye matope. Akalivuta, likagoma. Bernadina alisogea kumsaidia, lakini mgongo wake wa uzeeni ukakataa.

Alimtazama yule mwanaume pale barabarani. Alitaka kumwita. Alitaka kumwambia abaki, kwamba upande wa juu wa shamba, kule nyati wanakoingilia, pana nafasi ya mtu mwenye nguvu. Lakini angemwitaje? Akimpigia kelele, atakimbia. Akimfuata, atarukia kwenye mahindi. Na Rozalia alikuwa ameshafunga kanga yake kisafari, hamtazami mama yake.

Bernadina alimshika Skola mguu, ule mguu mdogo uliokuwa unaning'inia kutoka kwenye mbeleko, akaubana kiganjani kwa muda. Kisha akaingia jikoni, akafunga mlango, akaegemea komeo gizani huku moshi unamtoa machozi. Akasubiri. Baada ya kitambo akasikia hatua za mwanaume zinaingia bomani kwake, na sanduku linanyanyuliwa kutoka kwenye matope.