Glasi za Théodore

Chai ya kwanza ya bibi harusi haitaki kitu kivunjike. Kikivunjika, akina mama wa Koboko husema nyumba imeanza na ufa. Ndiyo maana Hawah, aliyekuwa anamwoza binti yake Medina huko Koboko, alilizunguka soko la Arua, mwaka ule sukari ilipokuwa ya magendo tu, akitafuta glasi za kustahimili lori na mikono ya wazee.

Théodore, mchuuzi kutoka Kongo, akamwita. "Mama Medina, kuja uone! Hii hapana vunjika."

Akainua glasi hadi kifuani, akaiachia. Ti! Ikagonga saruji, ikaruka kama chura, ikalala nzima.

"Hiyo iko glasi ama mpira ya vijana ya Onduparaka?" akacheka Asiya, muuza karanga wa jirani.

"Tena," akasema Hawah. Théodore akaiangusha kutoka begani, kisha kutoka juu ya kichwa. Nzima.

Bado moyo wa Hawah haukutulia. Akafungua fundo la leso, akatoa kigae cheupe cha plagi iliyovunjika, ile ya kuwashia injini ya lori. Ndicho alichozoea kugongea vyungu kabla ya kununua, asikilize kama vina ufa. Akaishika ile glasi, akaigonga taratibu, kama anayebisha mlango wa mgonjwa.

Glasi ikamwagika.

Haikupasuka vipande; ukingo, tumbo na kitako viligeuka chenga mara moja, mfano wa chumvi ya mawe, vikamjaa kiganjani viking'aa juani. Théodore akajishika mdomo.

"Toka nianze kuuza, sijaona mutu anafanya hivi!"

"Ameua glasi na kitu kama ukucha," Asiya akanong'ona.

Hawah alizitazama zile chenga. Anguko lote lile halikuiweza, na kigae kidogo kuliko karanga kimeimaliza. Subhanallah.

"Nifungie zilizobaki," akasema.

"Hata baada ya hii, mama?"

"Wazee wangu wanaangusha, hawagongi." Akakitupa kigae mtaroni.

Siku ya chai huko Koboko, bibi kizee, nyanya yake bwana harusi, alipokea glasi kwa mikono inayotetemeka. Ikamponyoka. Ti! Hawah akafumba macho.

Alipofumbua, bibi alikuwa ameiokota nzima, anaigeuzageuza mbele ya dirisha, mdomo wazi kama mtoto.

"Mama Medina," akasema, akiinyoosha, "chai yangu imemwagika. Nijazie."