Maziwa Yaliyokataa Kuganda

1.

Mhuri wangu ni wa duara. Katikati umeandikwa SALAMA. Mimi ni Tumpe, mpimaji wa maziwa katika kituo cha ushirika, huku Rungwe.

2.

TANGAZO
Wafugaji wote mnajulishwa kuwa maziwa yaliyochacha hayatapokelewa tena. Atakayeleta atarudishwa nayo.
Mwenyekiti

(Wiki hiyohiyo yakaacha kuchacha. Yote! Hata yanayotembezwa juani nusu siku. Nami, mjinga, nikafurahi.)

3.

Kila mfanyakazi hupewa lita moja ya kwenda nayo nyumbani. Yangu humpa mama, Anyisile, amgandishie mwanangu Lugano mtindi ndani ya kibuyu alichorithi kwa mama yake. Siku mbili, mtindi tayari. Safari hii:

siku ya pili, bado
siku ya nne, bado
siku ya sita

mabichi. Meupe. Kama yametoka kukamuliwa. Nikamnywesha Lugano hivyohivyo.

4.

"Kibuyu kimeharibika. Nimekisugua kwa majivu, nimekifukiza moshi, wapi! Nimekitia motoni."

"Mama! Kile cha bibi?"

"Ningefanyaje, mwanangu? Lugano tumbo linamsokota. Nikajua ni uchafu wa kibuyu."

Aliposema hivyo alikuwa analia. Kibuyu hakikuwa na kosa lolote.

5.

Vipimo vya kila asubuhi:
harufu: sawa
uzito: sawa
kuchemsha, hayakatiki: sawa
dawa ya kuhifadhia maiti:

Dawa ya kupimia hiyo iliisha Januari. Nikawa naacha wazi, nagonga mhuri.

6.

Nimeazima tindikali kwa mwalimu wa kemia. Nimeimimina taratibu ndani ya maziwa ya leo. Unajua nimeona nini, wewe unayenisoma na kikombe cha chai mkononi?

Pete.

Ya zambarau. Ndiyo alama ya dawa ya maiti.

Nimetapika kwenye ndoo ya kupigia deki. Kinachomfanya marehemu asubiri ndugu wa mbali, mwanangu nimemnywesha kwa kijiko, huku nikimwambia kunywa, baba, ukue.

7.

Nyuma ya tangi, wafugaji wawili, hawakuniona:

"Wewe unatia kiasi gani?"

"Kifuniko kimoja kwa ndoo. Yanafika mazima."

"Na ya watoto wako?"

"Aa, ya nyumbani natenga kwanza. Mimi mwendawazimu?"

8.

FOMU YA KUTOA MAZIWA
Yaendako: shule ya msingi
Kiasi: lita mia mbili
Hali: ....................
Mhuri:

9.

"Gonga, mama Lugano, gari linangoja."

Nimemmiminia kikombe. "Anza wewe, mwenyekiti."

"Mimi sinywi maziwa."

"Tangu lini?"

Nzi amekuja, amezunguka ukingo wa kikombe, ameondoka. Ananitia kinyaa mwenyekiti. Najitia kinyaa mwenyewe zaidi, maana yeye hana mhuri.

Dereva anapiga honi. Nimechukua wembe, nimeugeuza mhuri, naanza kukwangua SALAMA, herufi ya kwanza.