Korongo wa Bafuni

Siku Bi Cherehani alipoteleza ndani ya beseni la kuogea na kukaa humo asubuhi nzima kama nguo iliyolowekwa, akiimba kwa sauti ili majirani wasije wakadhani anaomba msaada, binti yake aliamua kwamba mchezo umekwisha. Binti huyo alikuwa muuguzi, na wauguzi hulisema jambo mara moja tu, kisha wanaanza kulitenda. Alimkanda mama yake nyonga, akamfunga bandeji, na hukumu akaitoa akiwa bado amepiga magoti. Beseni ling'olewe. Sakafu isawazishwe, vyuma vya kushikilia vifungwe ukutani, na yale makaratasi yaliyoota ukungu yabanduliwe yote, vipigwe vigae. Atarudi mwisho wa mwezi kukagua. Akikuta bafu ni lilelile, nyumba itatiwa kufuli na mama atahamia kwake ghorofani, kwenye chumba ambacho ukitoa mkono dirishani unakwaruza ukuta wa jirani.

Bi Cherehani aliolewa katika nyumba hii. Alishona nguo za mtaa mzima katika nyumba hii, na alikusudia kutolewa humo amelala chali, si ameshika sanduku. Kwa hiyo alikubali kila neno, jambo ambalo si kawaida yake.

Kigumu hakikuwa beseni. Kigumu walikuwa korongo.

Marehemu mumewe, ambaye mtaa wote ulimwita Gundi, alikuwa fundi wa kubandika karatasi za ukutani, enzi zile ambapo mwenye uwezo aliona ukuta mtupu ni kama kutembea bila shati. Duka moja lilipofunga, alirudi nyumbani na mkokoteni umejaa roli za karatasi za namna moja: korongo weupe wamesimama kwa mguu mmoja katika matete ya kijani. Alizipata kwa bei ya kutupa, na alitaka kuzibandika nyumba nzima. Alianza na bafu. Alipokaribia kumaliza, mkewe akaja akasimama mlangoni, futi ya kupimia nguo ikiwa shingoni, akamwambia kwamba yeye hakuolewa na bwawa.

"Ndege hawa hawatoki bafuni," alisema, "mpaka siku nitakayokufa."

Gundi akageukia ukuta. Mdomo wake ulikuwa mpole, ila mikono ilikuwa na hasira. Kipande alichokuwa amekishika wakati ule, cha mwisho, cha nyuma ya mlango, alikibandika kichwa chini. Korongo wake walining'inia miguu juu kama kuku wa sokoni. Hakukirekebisha kamwe, maana kukirekebisha kungekuwa kukiri kwamba maneno yamempata. Na kila Bi Cherehani alipokaa chooni na kufunga mlango, alitazamana na wale ndege waliopinduka, akacheka mpaka Gundi akamsikia akiwa sebuleni. Kicheko hicho kilidumu hadi mzee alipozikwa. Roli zilizobaki zilikwenda stoo, na zikakaa huko.

Fundi aliyeitwa kwa kazi ya vigae aliitwa Timazi, kwa sababu ya timazi yake, ule uzi wenye risasi ya shaba wa kupimia wima wa ukuta, uliokuwa ukichungulia mfukoni mwake kila alikokwenda. Watu walisema hawezi kutundika hata kalenda bila kuupima ukuta kwanza. Alilowesha upande wa dirishani kwa maji ya moto, akausubiri ulainike, akaingiza kisu bapa, na karatasi ikashuka kwa upole kama ganda la ndizi iliyoiva. Mchana akaenda kula. Bi Cherehani akajinyoosha kwenye kochi la sebuleni, mguu juu ya mto.

Ndipo akaisikia. Shwaa. Kimya kidogo. Shwaa. Brashi kavu ikitoka katikati ya karatasi kwenda pembeni, kufukuza hewa. Halafu kikohozi kifupi cha mtu anayejipongeza.

Gundi alipenda kufanya kazi saa hiyohiyo, watu wakiwa wamelala baada ya chakula, kwa sababu, alisema, hapo ndipo hakuna anayekuja kumsimamia mlangoni.

Timazi aliporudi alimwita bafuni. Upande wa dirishani ulikuwa umejaa korongo, wapya, weupe, karatasi bado ina unyevu.

"Mama, kama hutaki kazi ifanyike, niambie tu."

"Mwanangu, mimi hata soksi naivaa kwa kubembelezana nayo."

Timazi akatoa uzi wake, akauning'iniza pembeni mwa karatasi. Risasi ikatulia. Kati ya uzi na ukingo wa karatasi usingepitisha unywele. Akautazama muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama mwandiko mzuri kuliko wake.

"Aliyebandika hapa ni fundi."

"Alikuwa," akasema Bi Cherehani, akaenda kuangalia stoo. Juu ya vumbi lililofunika roli zote palikuwa na alama safi, pana kama mkono, mahali ambapo roli moja ililala miaka yote. Ndoo ya Gundi, iliyokuwa imekauka tangu mazishi, ilikuwa na gundi nzito. Alichovya kidole. Ilikuwa vuguvugu.

Kesho yake Timazi alibandua upya, na safari hii akakataa kutoka. Alikula mkate wake palepale, mgongo ukutani, macho ukutani. Baadaye aliapa kwamba aliinama mara moja tu, kufunga kamba ya kiatu, na alipoinuka korongo walikuwa wamerudi kazini.

Bi Cherehani akaifunga stoo na ufunguo akautia kifuani. Ikawa nafuu kidogo, maana karatasi haikurudi. Lakini vigae ambavyo Timazi alivipiga asubuhi, mchana vilikutwa vimeshushwa, vimeoshwa saruji, vimepangwa vizuri kando ya beseni, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Timazi alivitazama, akaanza kukusanya zana zake. Alishafanya kazi katika nyumba yenye nyuki, na katika nyumba ambayo mwenyewe alikuwa akilala chini ya ngazi ili asiibiwe misumari. Hayo yote aliyavumilia.

"Mzimu siuogopi, mama," alisema. "Naogopa kusahihishwa. Mwenye ukuta akiridhika, niite."

Akaondoka. Mwisho wa mwezi ulikuwa umeshabisha hodi.

Siku iliyofuata, baada ya chakula, Bi Cherehani hakwenda kwenye kochi. Aliingia bafuni, akafunga mlango, akakaa juu ya kifuniko cha choo. Mbele yake ndege waliopinduka walimtazama. Hewa ilinuka gundi, na ndani ya ile harufu mlikuwa na nyingine, ya shati la kazi lililovaliwa siku nzima, ambayo hakuinusa tangu alipogawa nguo za marehemu. Bomba lililokuwa likidondoka lilinyamaza, kama mtu anayekata maneno ili asikilize.

"Mzee," akasema. "Mwanao anataka kunihamisha. Nikienda, utakuwa unambandikia nani?"

Akapapasa ukingo wa beseni.

"Bafu niachie, nisivunjike shingo. Nakupa korido."

Neno likatoka kabla hajalishika, na lilipokwisha kutoka alilitambua. Ni yeye mwenyewe aliyefunga ndege hawa humu kwa kiapo cha mpaka siku atakayokufa, na ni yeye mwenyewe sasa anawafungulia mlango. Alikaa akingoja, mikono magotini, akijiambia kwamba maneno ya hasira ya mke kijana hayana hesabu kokote.

Nyuma ya karatasi, ndani kabisa ya ukuta, ikapita brashi mara moja. Shwaa. Ndefu, taratibu, kutoka juu hadi chini.

Alifungua stoo. Aliweka ngazi kwenye korido, na ndoo, na roli moja. Kisha akamwita Timazi.

Kazi ilinyooka tangu hapo. Beseni lilitoka, sakafu ikasawazishwa, vigae vikashika kana kwamba vilizaliwa pale. Vyuma vya kushikilia vilifungwa ukutani, na Bi Cherehani akavijaribu kwa kuning'inia hadi Timazi akamsihi ashuke. Kile kipande kilichopinduka hakikuhitaji maji wala kisu. Timazi alipokigusa kilijibandua chenyewe, kikajiviringisha, kikalala sakafuni. Korido nayo ilikuwa ikienda mbele kila mchana. Ndege walitoka mlangoni mwa bafu, mmoja baada ya mwingine, wamenyooka, wakielekea sebuleni. Timazi alipita katikati yao ameshika kofia mkononi, akasalimia ukuta. Siku ya mwisho aliacha uzi wake wa timazi ukining'inia kwenye ngazi, akasema mwenzake huenda akauhitaji.

Binti akaja kukagua, saa ambayo mama yake asingeichagua, baada ya chakula. Aliingia bafuni, akakanyaga sakafu, akavuta chuma kwa uzito wake wote, akaridhika. Bi Cherehani alikuwa tayari ameanza kupumua. Lakini binti alipotoka aliona ngazi, akaona ndoo, akaona ukuta wa korido.

"Hii nani amebandika?"

Bi Cherehani alishona uongo mwingi katika maisha yake, hasa kuhusu nguo ambazo bado hazijakatwa, lakini huu haukupata kitambaa. Alisema ni fundi. Binti akauliza fundi yupi. Akasema fundi. Binti akatazama vidole vya mama yake, akaona gundi imekauka kwenye kucha, maana ni yeye aliyekuwa akikoroga ndoo kila asubuhi, akaelewa alichotaka kuelewa.

"Mama, unapanda ngazi. Wewe, na nyonga hiyo, unapanda ngazi kubandika karatasi." Hakupaza sauti. Alifungua kabati la korido, akatoa sanduku. "Leo hii tunaondoka."

Mama akasema haondoki. Binti akasema atamsaidia kupanga nguo. Mama akasema sanduku hilo ni bovu zipu. Binti akasema atalifunga kwa kamba. Walisimama pua kwa pua, mmoja ameshika mpini wa sanduku huku, mwingine kule, wakivutana kama watoto, na sauti zikaanza kupanda, na yale ya zamani yakaanza kutoka, nani alimwacha nani, nani hakupiga simu mwaka gani.

Shwaa.

Sauti ilikuwa mgongoni mwa binti. Shwaa, shwaa, kwa haraka, kwa nguvu kuliko siku zote, kisha ngazi ikalia chini ya uzito ambao haukuwepo. Waligeuka pamoja. Kipande kipya kilikuwa ukutani, gundi bado inatiririka chini yake, kando ya uzi wa Timazi uliokuwa ukiyumba polepole, ukipunguza, ukitulia. Kilikuwa kimenyooka kabisa. Na kilikuwa kichwa chini. Korongo wote miguu juu.

Binti yule alikulia mbele ya kipande kama hicho. Alijifunza kuhesabu kwa miguu ya ndege wake. Na alijua, kama kila mtu wa nyumba ile alivyojua, ni nani aliyekosea namna ile, na ni wakati gani tu aliokosea: watu wakigombana akiwa kazini.

Aliweka sanduku chini. Alisogea, akagusa karatasi kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole. Halafu akaingia bafuni, na mama yake akasikia maji yakienda kwa muda mrefu sana. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na uso umeoshwa. Alirudisha sanduku kabatini.

"Mwambie asikuache upande ngazi," alisema, akaondoka bila kumalizia chai.

Basi Bi Cherehani amebaki kwake. Ndege walimaliza korido, wakaizunguka sebule, wakapita juu ya cherehani, wakaingia chumbani. Siku hizi wamezunguka kitanda pande zote, weupe, mguu mmoja mmoja, na usipowatazama sawasawa utadhani matete yanatikisika. Kilichobaki ni nafasi ya kipande kimoja, nyuma ya mlango wa chumba. Mahali ambapo Gundi humalizia siku zote, na Bi Cherehani hajasahau alichoapa.

Roli ya mwisho iko ndani ya droo ya cherehani, chini ya vitambaa vya wateja ambao baadhi yao wamenenepa na baadhi wamekufa wakisubiri. Hapo ndipo ufundi wa mke unapoushinda wa mume, maana hakuna duniani mtu anayejua kumzungusha mteja kuliko fundi cherehani. Kila mchana, baada ya chakula, droo inagongwa taratibu kutoka ndani. Bi Cherehani haamki kwenye kochi. Anavuta khanga hadi kidevuni, anausikiliza mgongo wa brashi ukigonga, anaitambua subira yake, na akijibu hujibu kwa sauti ileile aliyowajibu wateja wote.

"Njoo kesho, mzee. Bado upindo tu."

Na droo inatulia. Mpaka sasa inatulia. Ila jana, alipoamka, alikuta uzi wa timazi umetundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake, risasi imetulia kabisa.