Futi ya Marehemu

Mtoto aliinyoosha futi ya marehemu mume wangu kutoka begani mwake hadi kwenye kifundo cha mkono, akasoma, kisha akasema, "Kumi na sita, toa moja."

Chaki ilinidondoka. Zamani panya walitafuna inchi ya kwanza ya futi ile, na mume wangu, bahili wa kutupwa, akakataa kununua nyingine. Akaikata ncha, akawa anapima na kutoa moja. Mafundi wawili aliowaajiri waliharibu vitambaa kwa kusahau hesabu hiyo. Alipofariki niliitia kwenye kopo la vifungo, na huu ni mwaka wa saba; leo ndipo mtoto huyu akaichomoa humo. Mtoto mwenyewe ana miaka sita.

"Nani amekufundisha?"

"Si ndivyo tunavyopima?"

Mama yake alikuwa barazani akiongea na simu. Walikuja kushonewa sare tu, wageni hata mtaani kwetu. Mimi si mtu wa kuamini mambo hayo. Nimewacheka wengi wanaodai wametembelewa na wafu wao. Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia hata dada yangu wa tumbo moja.

Asubuhi aliyofariki mume wangu tuligombana kwa upuuzi mtupu: kola ya shati la mteja. Akaingia chumba cha nyuma kupiga pasi. Akaniita. Nikasema moyoni, ita mpaka koo likukauke! Nikakanyaga cherehani kwa nguvu nisimsikie tena. Nilipokwenda, pasi ilikuwa imeunguza meza, na yeye yuko sakafuni, amekwisha kupoa. Moyo, alisema daktari. Watu nikawaambia sikusikia kitu. Wakanipa pole, na kila pole ilinichoma.

Nikapiga magoti mbele ya yule mtoto, mtu mzima mimi, huku nikimwomba Mungu mtoto asijue jibu.

"Mwanangu, siku ile, niliitwa mara ngapi?"

Akaizungusha futi kidoleni, akiwaza. "Nne."

"Nilisikia moja tu."

"Ulikuwa unashona."

Alilisema hilo kwa upole, na upole huo ndio ulionitia hofu. Angenigombeza, ningejua pa kushika. Mume wangu nilizoea kugombana naye.

"Nisamehe," nikasema, machozi yakinitoka. "Nilisikia, nikakaa. Nilikukomoa. Sikujua unakufa."

Akanipangusa shavu kwa kidole gumba, polepole, mpaka likakauka.

"Tatu zilikuwa zako," akasema. "Ya nne nilishachoka kukungoja. Nikaita, 'Mama!'"

Kule barazani mazungumzo ya simu yakakatika.

"Abee, mwanangu!" mama yake akaitika, na tayari nikasikia viatu vyake vikija mbio.